Notisi kwa Fundi wa Chumba cha Mbele

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimeamua. Wambeti atahama.

Ninaliandika jambo hili hapa kwa sababu nilifanya kazi ya masjala katika halmashauri kwa miaka thelathini na mmoja, na huko tulizoea kwamba jambo lisiloandikwa ni kama halikufanyika.

Ploti yangu hapa Kianjai ina vyumba vitano. Cha pili ni bucha ya Kithinji. Vitatu vya nyuma ni vya walimu. Cha mbele, kinachotazama barabara, kina fundi wa nguo, Wambeti, mwanamke wa Siakago kule Embu. Amekaa humo miaka tisa. Aliingizwa na marehemu mke wangu. Hawakuandikiana hata mstari mmoja. Walikunywa chai, wakapeana mikono, basi.

Sina ugomvi na Wambeti. Hilo niliweke wazi. Kodi analipa tarehe moja. Hapigi kelele. Akifagia kwake anafagia na mbele ya bucha. Shida ni kwamba chumba nakihitaji kwa ajili ya Makandi.

Makandi ni binti yangu, na sina mwingine. Anasuka nywele za wanafunzi kule Nchiru, kwenye saluni ya mtu. Hajakanyaga nyumbani tangu tulipomzika mama yake, Januari ya mwaka jana. Siku nne baada ya mazishi nilitoa nguo zote za marehemu kabatini, nikazikunja, nikaziandikia orodha, nikawapa akina mama wa kanisa. Nilidhani nampunguzia mtoto kazi. Makandi alitoka kuosha vyombo akakuta kabati tupu. Akauliza kilemba cha mama yake cha zambarau kiko wapi. Nikaangalia orodha nikamwambia kimeenda kwa mke wa mzee wa kanisa. Alichukua mkoba wake akaondoka. Hakuangalia hata hiyo orodha.

Nikimpa saluni yake mwenyewe, kando ya barabara, atarudi. Kwa sasa ni siri. Atajua chumba kikiwa tayari.

Jumatano, 7 Mei 2025

Nimeandika barua ya kuhama. Nakala tatu, kwa karatasi ya kaboni. Nimempa siku saba. Mahali pa sababu nimeweka "za kiutawala". Nimegonga muhuri wangu wa tarehe, ule niliostaafu nao. Miaka yake inaishia 2019, kwa hiyo nimegonga 2019 na kusahihisha kwa kalamu nyekundu.

Wambeti aliipokea kwa mikono miwili. Aliisoma amesimama, tepu ya kupimia ikiwa shingoni. Akaniuliza kama amenikosea. Nikasema hapana. Akauliza basi ni nini. Nikamwonyesha mahali palipoandikwa za kiutawala.

Halafu akanimiminia chai kutoka kwenye thamosi. Nikainywa, maana kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Akasema kwa upole kwamba amepokea kazi ya sare za shule mbili na siku saba hazitoshi hata kukata vitambaa. Nikamjibu kwamba barua imeshagongwa muhuri.

Jumamosi, 17 Mei 2025

Siku saba zimepita, na tatu za huruma juu yake. Wambeti bado anashona.

Leo nilifika saa kumi na mbili asubuhi na kufuli mpya, kubwa, nzito kama jiwe la kusagia. Nikafunga chumba cha mbele; mlango wake wa nyuma hukomewa kwa ndani. Nikakaa kwenye kiti nje ya bucha ya Kithinji kungoja.

Wambeti alikuja saa moja. Aliiangalia kufuli. Hakupiga kelele, jambo ambalo lilinisumbua. Alikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akarudi na kufuli yake mwenyewe, akaitia kwenye pete ya juu ya mlango uleule. Kisha akamwambia Kithinji aniambie, ingawa nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, kwamba kama yeye hawezi kufikia cherehani zake, basi na mimi sitaingia.

Kufikia saa tatu wazazi walikuwa wamepanga foleni. Walikuja kuchukua sare za Jumatatu. Nikawaeleza kwamba kuna zoezi la kiutawala. Mama mmoja akaniuliza kama mtoto wake aende shule amevaa zoezi.

Ng'ambo ya barabara kuna ploti ya Mutwiri. Tulisoma darasa moja. Nilimshinda katika mtihani wa mwisho kwa alama mbili, na amekuwa akinilipiza tangu siku hiyo. Leo alitoa benchi lake akawaweka wazazi wale kivulini, akawauzia chai. Alinipungia mkono.

Saa sita nikakumbuka suruali yangu. Ya suti, ya kijivu. Nilimpa Wambeti wiki iliyopita aipanue kiuno kidogo. Iko ndani. Kesho ni zamu yangu kusoma somo la kwanza kanisani.

Jumapili, 18 Mei 2025

Nimesoma somo nikiwa na koti la suti na suruali ya shamba. Nilisimama nyuma ya mimbari kadiri ilivyowezekana. Mutwiri alikuwa kiti cha mbele. Alipokuja kupeana amani alitazama magoti yangu kwanza.

Jumatatu, 19 Mei 2025

Chifu ametuita.

Aliniomba amri ya mahakama. Nikampa nakala ya barua. Aliisoma mara mbili, akauliza kwa nini ni ya mwaka 2019. Nikaeleza habari ya muhuri. Akaweka barua chini na kuifunika kwa kiganja, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Akasema mwenye ploti hawezi kumtoa mpangaji kwa kufuli. Wala kwa kung'oa mabati, wala kwa kukata stima. Hata polisi wakija kumtoa mtu ni lazima wawe wameshika amri. Akasema nikirudia ataniandikia mimi barua, na yake itakuwa na tarehe sahihi. Nikifuata sheria hana neno na mimi.

Tukaenda mlangoni watu watatu. Mimi na ufunguo wangu, Wambeti na wake. Hakuna aliyetaka kufungua kwanza. Mwishowe chifu alihesabu moja, mbili, tatu, tukafungua pamoja mbele ya soko lote.

Wambeti aliingia, akatoka na suruali yangu. Imepanuliwa kiuno, imepigwa pasi. Nilipotaka kulipa alisema nimwachie tu afanye kazi.

Nimeona kosa langu. Nilitumia kufuli mahali pa fomu. Alhamisi naenda kwa wakili.

Alhamisi, 22 Mei 2025

Meru mjini. Wakili anaitwa Njoki. Ni mdogo kuliko nilivyotarajia, lakini kabati lake la mafaili limepangwa vizuri.

Alinieleza polepole. Duka lisilo na mkataba wa maandishi linalindwa na sheria ya nyumba za biashara. Kumtoa mpangaji wa duka kunaanza na notisi maalumu, Fomu A, wala si barua ya mtu binafsi. Lazima impe miezi miwili kamili au zaidi. Lazima itaje sababu, na sababu zinazokubalika ziko kwenye orodha. Mpangaji ana mwezi mmoja wa kujibu kwa maandishi kama anakubali au anakataa. Akikataa anaweza kwenda kwa jopo la kodi za nyumba za biashara kabla ya siku ya notisi kufika, na hapo notisi husimama mpaka jopo liamue.

Nilifurahi kusikia kuna orodha. Tukaipitia. Je, halipi kodi? Analipa. Je, ameharibu nyumba? Alipaka rangi kwa gharama yake. Je, nataka kubomoa? Hapana. Tukafika kwenye sababu ya mwisho, kwamba mwenye nyumba anataka kukitumia chumba mwenyewe, kwa biashara yake, kwa mwaka mmoja au zaidi.

Nikasema hiyo hiyo. Ni saluni.

Njoki aliacha kuandika. "Saluni ya nani, mzee?"

"Ya binti yangu."

"Hapa inasema biashara yako wewe."

Nikafikiri. Nikamwambia aandike basi kwamba ni yangu.

Alinionya kwamba jopo linaweza kuniuliza maswali juu ya hiyo biashara, na sababu ya uongo itaniumiza. Kisha akasema kuna njia nyingine ambayo haihitaji wakili: niwaite Wambeti na Makandi, tukae watu watatu, niwaambie ninachotaka. Alisema mara nyingi hilo hutosha.

Nilimshukuru, nikamwomba fomu.

Jumapili, 1 Juni 2025

Kuna mwenye ploti mmoja huko Majengo aliyeniambia kwamba mpangaji akikosa kodi ya miezi miwili, hiyo ni sababu tosha. Wambeti hutuma kodi kwa simu kila tarehe moja asubuhi. Kwa hiyo leo nilizima simu kuanzia alfajiri. Nilishinda shambani nikipalilia, bila simu, nikijisikia mjanja.

Nimeiwasha saa kumi jioni. Kodi iliingia saa moja na dakika nne asubuhi. Kumbe pesa haingoji simu iwake. Chini yake kulikuwa na ujumbe wake wa kunitakia Jumapili njema.

Jumanne, 3 Juni 2025

Nimepeleka notisi. Siwezi kusema ilikwenda vizuri, lakini ilipokelewa.

Njoki aliijaza vizuri. Siku ya kuhama ni tarehe moja Septemba. Sababu: mwenye nyumba anakusudia kukitumia chumba kwa biashara yake mwenyewe ya saluni. Nikaweka sahihi. Muhuri wangu sikuutumia.

Nilifika saa nane mchana. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa nusu. Niliingia bila kubisha. Wambeti hakuwepo, alikuwa amekwenda kununua nyuzi. Kwenye cherehani ya pili alikuwa ameketi Makandi, na bakuli la githeri mapajani.

Nilisimama na bahasha yangu. Amenenepa kidogo. Amejikata nywele fupi. Amefanana na mama yake hata namna ya kushika kijiko. Nikasema, "Wewe ni mtu mzima, kwa hiyo unaweza kumpokelea."

Akaichukua. Akaweka bakuli chini, akafungua, akasoma. Alisoma mpaka mwisho, akarudia katikati.

"Baba," akasema, "wewe utamsuka nani?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, barabara, wateja, kwamba fomu ndiyo ilitaka jina langu, kwamba chumba ni chake. Nilizungumza kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kichwani yasemwe siku ya kumpa ufunguo, na sasa yalitoka vibaya, kama mtu anayejitetea.

"Uliniuliza?" akasema. Hakupandisha sauti. "Hata kile kilemba, uliniuliza?"

Wambeti akaingia na nyuzi zake. Akatutazama. Makandi akampa ile notisi, akambusu shavuni, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Niliporudi nje Kithinji alinieleza, akiwa anakata mbavu, kwamba Makandi huja kila Jumanne, siku yake ya kupumzika. Tangu Februari ya mwaka jana. Hupitia nyuma. Hukaa na Wambeti mpaka jioni, wanapika, wanacheka, wakati mwingine wanalia. Alifikiri najua.

Mwaka na zaidi. Nyumba yangu iko mwendo wa dakika kumi na mbili kutoka hapo.

Nimelitafakari jambo hili jioni yote. Nimefikia kwamba ni dalili nzuri. Inaonyesha amekizoea chumba.

Jumatano, 4 Juni 2025

Soko lote linajua kwamba Mzee Kailemia anafungua saluni. Asubuhi hii nilisalimiwa na watu ambao hawajawahi kunisalimia. Mutwiri alivuka barabara, akavua kofia, akauliza kama naweza kumpangia mke wake zamu ya kusukwa Ijumaa.

Jumanne, 10 Juni 2025

Nilikaa kwenye kiti cha Kithinji tangu asubuhi, nikijifanya nasoma gazeti. Nilivaa suruali ya kijivu. Makandi hakuja. Wambeti alitoka mara tatu akatazama barabara, mara ya tatu akaniona namtazama, akarudi ndani.

Jumatatu, 30 Juni 2025

Jibu limekuja siku tatu kabla ya mwezi kuisha. Limeandikwa vizuri, kwa aya nne, na nakala. Wambeti anasema hakubaliani na notisi. Anasema mwenye nyumba hana biashara ya saluni, hajawahi kuwa nayo wala hakusudii kuwa nayo, na kwamba yeye ni mpangaji mwema wa miaka tisa.

Hati ni ya Makandi. Niliijua mara moja. Herufi g yake ina mkia mrefu, nilimfundisha mimi mwenyewe akiwa darasa la pili, kwenye meza hii hii. Hakuna kosa hata moja la tahajia. Nimelisoma mara tano. Kama si kuwa ni la kunipinga, ningelionyesha watu.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Njoki amesema jopo linaweza kuniuliza kuhusu biashara. Kwa hiyo leo nilikwenda Meru mjini kujifunza saluni.

Nilichagua moja ghorofani, mbali na watu wanaonijua. Nikamwambia mwenye saluni ukweli, kwamba nataka kuona tu. Akaniweka pembeni. Nilikuwa na daftari. Nilikaa saa tatu. Niliandika: vitana vya aina sita. Dawa ya kulainisha inachoma, ni lazima mtu apakwe mafuta kichwani kwanza. Mistari midogo huchukua saa nne hata tano. Msusi hakai. Jioni vidole vyake vinauma, anaviweka kwenye maji ya vuguvugu.

Hilo la vidole sikulijua. Makandi amesuka miaka saba.

Mteja mmoja mzee aliniuliza nimemleta nani. Nikasema binti yangu. Akauliza yuko kiti gani. Nikasema ametoka kidogo.

Jumatano, 23 Julai 2025

Wambeti amepeleka kesi kwa jopo. Nimeletewa karatasi. Tutasikizwa tarehe ishirini Agosti. Mpaka hapo notisi yangu imesimama.

Nimeanza kujiandaa. Nimeweka faili lenye kurasa za rangi tatu. Nyekundu ni sheria, bluu ni barua, kijani ni vitana.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Wambeti amekuja nyumbani baada ya ibada. Hajawahi kuja tangu mazishi. Alikuwa amevaa vizuri, ameshika ndizi mbivu. Alikaa kwenye kiti kilekile alichokaa wakati marehemu alipokuwa mgonjwa, wiki tatu zile alizofunga duka ili ashinde naye. Sikuwa nimelikumbuka hilo jambo mpaka alipokaa.

Nilidhani amekuja kuomba. Nikamwambia mambo yote sasa yako kwa jopo.

"Nimeondoa kesi, Baba Makandi," akasema.

Sikuelewa. Nikamwuliza kama anajua kwamba angeweza kushinda. Akasema anajua, karani wa jopo alimwambia, na Makandi alimwambia. Alisema hajalala vizuri tangu Mei. Akisikia hatua nje anafikiri ni mimi na karatasi nyingine.

"Mama Makandi alinipa kile chumba kwa mkono, nami nilikuwa nimetoka Siakago na cherehani moja na mtoto mgongoni. Hakuniuliza chochote. Nikienda kusimama na mume wake mbele ya watu tuitane waongo, nitakuwa nimemrudishia nini?"

Akasema atahama siku iliyoandikwa. Amepata chumba kwingine. Aliomba jambo moja tu, kwamba nisimkasirikie Makandi kwa ile barua, kwa sababu aliiandika akilia.

Nilimsindikiza mpaka kwenye geti. Njiani alisimama akaniambia kwamba Makandi huuliza habari zangu kila anapokuja. Kama ninakula. Kama nimeenda kupima presha. Wambeti humjibu kwa vile anavyoniona nikipita barabarani.

Nilitaka kumwambia akae. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini nikafikiri kwamba notisi ilifuata hatua zote, na nikiiondoa mimi sasa itaonekana kwamba tangu mwanzo haikuwa na msingi. Nikamshukuru kwa ndizi.

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Wambeti amenipa ufunguo saa mbili asubuhi. Amefagia. Amepiga deki. Amejaza simiti kwenye matundu ya misumari, yote. Kithinji na walimu wawili walimbebea cherehani.

Hawakwenda mbali. Walivuka barabara. Chumba alichopata ni cha Mutwiri.

Mutwiri alisimama mlangoni kwake amevaa tai. Siku ya Jumatatu.

Nikaingia chumba changu nikakipima kwa hatua. Saba kwa tano. Ukutani kuna alama ndogo za penseli zenye tarehe, za kupimia urefu wa watoto wa shule. Moja iko juu kuliko zote, na kando yake imeandikwa Makandi, na tarehe ya Februari mwaka jana. Alikwenda kupimiwa nguo ya kuvaa baada ya matanga.

Hata hivyo, nimeshinda. Ninaliandika kwa sababu hakuna aliyelisema leo. Nilianza na barua, nikaenda kwa Fomu A, nikangoja miezi miwili na zaidi, na mpangaji ametoka bila fujo. Njoki alisema kwa simu kwamba ni nadra.

Jumatano, 3 Septemba 2025

Nimemwandikia Makandi ujumbe kwamba chumba kiko tayari, kimepakwa rangi ya maziwa, na aje na vitu vyake.

Amejibu jioni. Ameshukuru. Amesema tayari ameacha kazi Nchiru, na amekodi kona kwa Wambeti, upande wa dirisha. Wataanza pamoja wiki hii. Amemaliza kwa kusema, "Natumaini hutakasirika, Baba."

Nimeangalia lile neno Baba kwa muda.

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Makandi amehamia Kianjai. Kwa hiyo lengo la mpango wangu limetimia, isipokuwa kwamba yuko upande usio wake. Ni suala la mita kumi na nne.

Nimeweka kiti mlangoni mwa chumba cha mbele. Kutoka hapo namwona vizuri. Ana kiti chekundu, kioo na foleni ya wanawake wanne. Wambeti anashona nyuma yake. Leo walicheka jambo fulani mpaka Makandi akashika ukuta. Sijui lilikuwa nini.

Saa tisa foleni iliisha. Makandi akatoka nje, akasimama ukingoni mwa barabara, na ile shuka ya kuwafunika wateja mkononi. Akaniita.

"Baba, nywele zimekuwa ndefu. Njoo nikunyoe."

Magari mawili yalipita katikati yetu. Yalipopita bado alikuwa amesimama pale.

Nilisimama. Nilishuka hata ngazi ya kwanza. Ndipo nikamwona Mutwiri amekaa kwenye benchi lake, ananitazama, na nikakumbuka kwamba kiti kile chekundu kiko ndani ya ploti yake. Nikamwambia Makandi kwamba leo siwezi, nina karatasi za kujaza.

Akasema sawa, Baba. Akangoja kidogo. Akaikung'uta ile shuka, akaikunja, akaingia ndani.

Na si uongo, karatasi ninazo. Kwa kukaa hapa nimegundua tatizo. Chumba ni kidogo. Hatua saba kwa tano hazimtoshi msusi mwenye wateja wanne kwa mara moja, ndiyo maana akakikataa. Nikiondoa ukuta wa bucha, nitapata saba kwa kumi, na hakuna chumba kama hicho upande wa pili. Kithinji hana mkataba wa maandishi. Miezi miwili kamili, kuanzia mwanzo wa Oktoba. Sababu najua ya kuandika, na maswali ya jopo sasa nayaweza.

Jumatatu naenda Meru kwa Njoki kuchukua fomu. Nikiwa huko nitatafuta kinyozi. Nywele kweli zimekuwa ndefu.